Nilichaguliwa makamu mwenyekiti, sasa mimi ndiye benki na zahanati ya bweni

SWALI

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Manyatta, hapa Kisumu, ambako nimerudi kwa mama kwa likizo fupi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya, na ningependa jina la chuo hicho lisitajwe, kwa sababu ninayokuandikia yanawahusu watu ambao bado naishi nao.

Mwaka jana wajumbe wawili wa kitivo chetu walinijia chumbani wakaniomba niwanie nafasi ya makamu mwenyekiti wa baraza la wanafunzi. Sikuwa nimewaza siasa hata siku moja. Mgombea wa uenyekiti alikuwa mvulana, na kwa kuwa sheria inataka makamu wake awe wa jinsia nyingine, kambi yake ilikuwa ikitafuta msichana mwenye alama nzuri na asiye na maadui. Nilikubali, tukapiga kampeni, tukashinda. Katika kikao cha kwanza majukumu yaligawanywa: mwenyekiti na katibu mkuu walijitwalia mazungumzo na wakuu wa chuo, mweka hazina akabaki na fedha, nami nikaambiwa, pasipo kuulizwa, kwamba maslahi ya wanafunzi yatakuwa yangu kwa kuwa akina dada wana huruma.

Tangu siku hiyo simu yangu hailali. Hunipigia aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, aliyekuta alama zake za mtihani zimepotea, aliyegundua kuwa ana mimba na hajui aanzie wapi, na wale ambao mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, umechelewa hata wakaanza kushindia chai ya rangi. Nina daftari dogo ninaloandika ninachowakopesha: mia mbili za chapati na maharagwe, mia tano za nauli ya kwenda nyumbani Busia, elfu moja mia tano za kuongezea kodi. Karibu mkopo wangu wote wa muhula uliopita uliishia katika daftari hilo, na waliorudisha ni wachache.

Utaniuliza kwa nini siwaelekezi kwenye ofisi zinazohusika. Mwalimu, mshauri nasaha tuliye naye ni mmoja, naye anahudumia maelfu ya wanafunzi. Chumba chake kimetenganishwa na foleni ya wanaotafuta mihuri ya fomu za basari kwa ubao mwembamba wa plaiwudi, kiasi kwamba anayelia ndani husikika nje, na wanaosikia ni wanafunzi wa darasa lake. Saa kumi na moja jioni ofisi hufungwa. Katika majuma ya mitihani, wakati watu wanapoumia zaidi, mshauri huyo huyo huitwa kusimamia mitihani, na mlangoni hubandikwa karatasi ya kuwaambia watu warudi siku nyingine. Zahanati nayo hutoa dawa za maumivu na barua ya kwenda hospitali, na barua haina nauli.

Muhula uliopita mwenyekiti wetu aligawa unga na mafuta ya kupikia kwa wanafunzi waliojiandikisha kwangu. Sikujua kwamba angekuja na mpiga picha. Msichana mmoja alijaribu kujificha uso kwa pakiti ya unga aliyopewa, lakini picha ikapigwa na kabla ya jioni ilikuwa imesambaa katika makundi yote ya WhatsApp ya chuo, ikiwa na maneno ya kumsifu kiongozi anayejali. Msichana huyo hasemi nami tena.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni jingine. Majuma matatu yaliyopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinitumia ujumbe saa nane usiku akisema kuwa amechoka kuishi. Nilikwenda chumbani kwake nikakaa naye hadi kulipokucha. Amenikataza kumwambia mtu yeyote, kwani anaogopa kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, anaogopa polisi, na anaogopa zaidi wazazi wake kujua kwamba hakufanya mitihani kwa sababu ya deni la karo. Nimeitunza siri hiyo. Kila asubuhi humwandikia, naye asipojibu upesi moyo hunidunda hata darasani siandiki chochote.

Sasa limezuka la siasa. Mtu anayejiandaa kuwania kiti katika uchaguzi mkuu wa 2027 ametuma wajumbe wake kwa baraza. Yuko tayari kutoa fedha za kuanzisha mfuko wa maslahi ya makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, ikiwa tutapeleka mabasi mawili ya wanafunzi waliovaa fulana zake katika mkutano wake wa hadhara. Wenzangu wanasema chakula ni chakula, hakina chama. Wanataka niwape majina na nambari za simu za wanafunzi wenye shida, yaani wanataka daftari langu.

Nimefeli masomo mawili. Mama, ambaye anauza omena sokoni Kibuye, anajua tu kwamba binti yake ni kiongozi, na anajivunia. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika lakini sijaipeleka, kwa maana nikiondoka sioni nani atakayepokea simu hizo, na nikibaki sidhani nitamaliza shahada yangu. Nishauri, Mwalimu.

Makamu Mwenyekiti, Kisumu

JIBU

Binti yangu,

Nitaanza na huyo wa mwaka wa pili, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja juma moja na lake haliwezi. Ulifanya vyema kwenda usiku ule na kukaa naye. Lakini siri ya namna hiyo haipaswi kubebwa na mtu mmoja, tena mwanafunzi mwenzake, na ahadi uliyompa ya kutomwambia yeyote ni ahadi unayopaswa kuivunja mbele ya macho yake, yeye mwenyewe akijua. Mwambie leo, kwa sauti ya upole na bila kuzunguka, kwamba hutatangaza habari zake, ila kuna mtu mzima mmoja utakayemwambia, na kwamba yeye ndiye atakayechagua awe nani kati ya dada yake mkubwa, mhadhiri anayemwamini, kasisi au mshauri nasaha, nawe utafuatana naye. Muulize waziwazi kama bado anawaza kujiua na kama amefikiria njia ya kufanya hivyo. Watu huogopa swali hilo wakidhani litamtia mwenzao wazo, na mara nyingi anayeulizwa huona afueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe chumbani, na apelekwe kitengo cha dharura cha hospitali ya kaunti au ya rufaa iliyo karibu, usiku au mchana. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa ajili ya msaada wa kisaikolojia. Mpe yeye, na uiweke katika simu yako pia.

Hofu yake ya polisi ina chanzo, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai tangu enzi za ukoloni. Mwambie kwamba mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa habari ya kamati ya nidhamu, ugonjwa si utovu wa nidhamu. Mitihani aliyoikosa inaweza kutafutiwa njia kwa barua ya daktari na ombi la mitihani maalumu au la kuahirisha masomo, na ombi hilo likiandikwa mapema hupokelewa kwa uso mwema kuliko likiandikwa baada ya jina kuondolewa katika orodha. Ikiwa deni lake limetokana na kundi aliloingizwa katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ule unaogawa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, na familia yake imepimwa kuwa na uwezo isiokuwa nao, aulize utaratibu wa kuomba kundi hilo lipitiwe upya. Wanafunzi wengi hukubali kiwango cha kwanza walichopewa kana kwamba kimeteremshwa kutoka mbinguni.

Akishapata mtu mzima wa kumtazama, wewe baki kuwa rafiki yake na uache kuwa mlinzi. Ujumbe wa asubuhi uendelee, ila uwe na zamu kati yenu wawili au watatu ambao yeye mwenyewe amewakubali.

Nije sasa kwa daftari. Usimpe mtu yeyote. Ndani yake mna mimba ya mtu, njaa ya mtu na nyumba aliyofungiwa mtu, na hao walikwambia wewe, hawakuliambia baraza, wala hawakumwambia mgombea wa 2027. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya na za familia kuwa data nyeti, zisizopaswa kuhamishwa kwa mtu mwingine pasipo idhini ya mwenyewe. Kama mwenyekiti wako anadhani picha ya mtu anayepokea unga ni jambo dogo, mkumbushe kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja humu nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za watoto pasipo idhini ya wazazi. Yule msichana ana haki ya kudai picha yake iondolewe, na ingefaa wewe umwandikie, hata kama hasemi nawe, umwambie kuwa hukujua na kwamba utamsindikiza akitaka kulalamika. Kitu kama hicho huniudhi kuliko wizi wa fedha za chama, kwa sababu fedha zinaweza kurudishwa.

Lakini kuna jambo katika daftari hilo ambalo nadhani hujaliona, nalo ndilo jibu langu kwa swali lako kubwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza baraza la wanafunzi ni la kazi gani. Linapanga shughuli za wanafunzi kwa kushauriana na Seneti ya chuo, linatoa mapendekezo kuhusu ustawi wao, na linayafikisha mahitaji maalumu ya mwanafunzi huyu au yule mbele ya mamlaka inayohusika. Soma tena hilo la mwisho. Kazi uliyopewa na sheria ni kuyafikisha mahitaji kwa wenye wajibu na fedha. Hakuna mahali unapotakiwa kuyatimiza kutoka mfukoni mwako. Kila sahani ya maharagwe uliyonunua kimya kimya ilimshibisha mtu usiku ule, na usiku ule ule ilikifutia chuo ushahidi kwamba mtu huyo alikuwa na njaa. Mkuu wa Wanafunzi akiulizwa leo ni wangapi walilala bila kula muhula uliopita, atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba hana habari, maana waliokuwa na njaa walikuja kwako na wewe hukumwandikia. Mshauri mmoja anaonekana kutosha kwa sababu wewe ndiye wa pili, hulipwi na huna mafunzo.

Ningekutaka, basi, ukae na daftari hilo siku mbili utoe humo hesabu isiyo na majina: wangapi walikosa chakula na katika majuma gani, wangapi walikosa makazi, wangapi walitaka kumwona mshauri wakakuta mlango umefungwa, simu zilikuja saa ngapi. Nina hakika utaona kwamba nyingi zilikuja baada ya ofisi kufungwa, na kwamba zilizidi mkopo ulipochelewa. Hesabu hiyo iingize katika barua ya ukurasa mmoja au miwili kwa Mkuu wa Wanafunzi, nakala kwa Seneti, na uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe. Omba vitu ambavyo mtu anaweza kuvikubali au kuvikataa kwa maandishi: chumba cha mshauri chenye ukuta wa matofali na mlango wa nyuma, mshauri asiondolewe kazini kwake wakati wa mitihani, simu moja ya usiku inayoshikwa na wafanyakazi wa chuo kwa zamu, na mfuko wa dharura unaotunzwa na idara ya fedha ya chuo, ukatoa vocha za mesi badala ya pesa mkononi. Usiombe mambo ishirini. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na bajeti za taasisi za umma huandaliwa miezi kabla ya hapo, kwa hiyo barua inayofika Juni hupewa pongezi na kuwekwa kabatini.

Wanafunzi wenu hulipa ada ya chama, na katika vyuo vingi ada ya matibabu pia. Je, umewahi kuona hesabu za matumizi yake? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba hesabu hizo kutoka kwa taasisi ya umma, nayo taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, na tume hiyo ina ofisi hapo Kisumu, safari ya matatu moja kutoka kwenu Manyatta. Ombi hilo huhitaji barua ya kawaida tu. Huhitaji wakili wala kamukunji, yaani mkutano wa hadhara wa wanafunzi, na halimpi mtu yeyote kisingizio cha kuita polisi wa kutuliza ghasia.

Ni vizuri ujue pia jinsi mambo yalivyofika hapa, kwa sababu wenzako wanazungumza kana kwamba unga wa mwanasiasa ni desturi ya kale ya vyuo vyetu. Kabla ya sera ya kugawana gharama kuanza kutekelezwa vyuoni mwaka 1991, chakula na kitanda vilikuwa sehemu ya mpango wa chuo chenyewe. Baada ya hapo mwanafunzi alianza kulipia kila sahani mesini, na HELB ikaundwa kwa sheria mwaka 1995 ili akopeshwe. Idadi ya wanafunzi ikaongezeka, mabweni yasiongezeke kwa kadiri hiyo, wengi wakahamia vyumba vya kupanga nje ya lango, mahali ambapo hakuna mlezi wa bweni anayegundua kwamba fulani hajatoka chumbani tangu Ijumaa. Njaa ikawa jambo la mtu binafsi, na jambo la mtu binafsi ndilo mwanasiasa hupenda kulinunua. Viongozi wa wanafunzi wa zamani, hata wa kutoka huku kwetu, walipewa mashtaka na si fulana. Titus Adungosi wa Teso, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982, alifungwa miaka 10 kwa shtaka la uchochezi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, akafia gerezani 1988. Wafula Buke wa Bungoma, aliyekishika kiti hicho mwaka 1987, alifungwa miaka 5 kwa madai ya kuipelelezea Libya. Sikutajii hao ili utamani magereza. Nataka mwenyekiti wako, anayepigwa picha na pakiti ya unga, asidhani kwamba amerithi kazi yao.

Kuhusu huyo mtu wa 2027, jibu ni hapana, na litolewe na baraza kwa maandishi ili siku ya siku asije akasema mlikubaliana. Mtu anayetaka kusaidia wanafunzi wenye njaa anaweza kulipa moja kwa moja katika akaunti ya chuo kwa ajili ya mfuko wa dharura, apewe risiti, pasipo mabasi, pasipo fulana na pasipo orodha. Mwambieni hivyo mwone kama atarudi. Kuna jingine ambalo wanafunzi husahau: basari za kaunti na za maeneo bunge ni fedha za umma. Anayezipokea hana deni la shukrani kwa mtu aliyetia sahihi hundi, seuze la kwenda kupigwa jua uwanjani akiimba jina la mtu. Wenzako wakipiga kura wakakushinda, usiweke jina lako katika makubaliano hayo, na uombe kauli yako iandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Juu ya wenzako hao, nina neno kuhusu jinsi mlivyochaguliwa. Tangu marekebisho ya 2016 hamchaguliwi tena na wanafunzi wote uwanjani. Kila idara au kitivo huchagua wajumbe watatu, wasiozidi wawili wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio wanaolichagua baraza. Serikali ilisema inataka kupunguza vurugu. Maoni yangu ni kwamba vurugu ziliondolewa uwanjani zikahamishiwa vyumba vya hoteli, maana kuwaridhisha wajumbe wachache ni rahisi kuliko kuwashawishi maelfu, na kiongozi akishachaguliwa kwa njia hiyo huona wadai wake ni wale wachache. Hata hivyo wajumbe hao wapo, wamechaguliwa kihalali, na baada ya siku ya kura hakuna anayewapa kazi. Hao ndio masikio uliyokuwa ukiyatafuta. Kila idara iwe na mjumbe mmoja anayepokea shida za wenzake mchana, anayejua fomu ipi huenda ofisi ipi, na anayekuletea hesabu kila mwisho wa juma pasipo majina. Msiwafanye washauri nasaha, kwa kuwa hawajafunzwa kazi hiyo. Wajue tu kutambua mtu anayezama na kumpeleka mahali panapofaa. Simu yako ya usiku izimwe saa nne, na ujumbe wa kujijibu wenyewe utaje nambari 1199, ya zahanati na ya mlinzi wa lango kuu.

Na hutakopesha tena. Nafahamu jinsi ilivyo vigumu kumwambia hivyo mtu ambaye hajala, lakini mkopo wako ni deni utakalolilipa wewe na riba yake, na mama hauzi omena Kibuye ili binti yake awe mesi ya chuo kizima. Waliokukopa waandikie kwa adabu, wenye uwezo warudishe kidogo kidogo, wasio nao uwasamehe uchane ukurasa huo.

Kuhusu kujiuzulu, rai yangu ni kwamba usijiuzulu sasa. Ukiondoka leo kiti kitajazwa na mtu wa kambi hiyo hiyo, na la kwanza atakaloulizwa ni kama anaweza kupata orodha. Jipe muda hadi mwisho wa muhula ujao. Barua yako ikijibiwa, hata kwa nusu ya ulichoomba, maliza kipindi chako. Isipojibiwa, toka, na barua yako ya kujiuzulu iambatanishwe na nakala zenye mihuri ili wajumbe wote wazisome. Kipindi cha pili usikitafute hata ukibembelezwa. Sheria inaruhusu vipindi viwili, haimlazimishi mtu.

Hilo la akina dada kuwa na huruma nalo lirudishwe mezani katika kikao kijacho. Sheria ilitaka makamu wa jinsia nyingine ili nusu ya wanafunzi wapate sauti katika uamuzi, na wewe umewekwa jikoni. Dai kwamba kazi ya maslahi igawanywe kati yenu wote saba wa baraza, mwenyekiti akiwa na siku yake ya kupokea watu kama wewe, na kwamba katika mikutano na wakuu wa chuo uwepo na wewe, kwa maana ndiwe mwenye takwimu.

Masomo uliyofeli yana mitihani ya marudio, na ofisi ya mitihani huweka siku ya mwisho ya kujiandikisha ambayo haimsubiri kiongozi. Kabla hujapanda gari la kurudi chuoni, ulizia siku hiyo na ada inayotakiwa, kisha umwendee mhadhiri wa kila somo umwombe akuonyeshe ulipopoteza alama. Mama naye mwambie mwenyewe jioni moja akishatoka sokoni, kabla hajazisikia habari hizo kwa mtoto wa jirani. Na mshauri nasaha yule mmoja, umwendee wewe pia, kwa ajili yako. Kama plaiwudi inakuzuia, mwombe mkutane nje ya saa za foleni, na uulize kama hospitali ya rufaa hapo Kisumu ina kliniki unayoweza kufika siku za likizo. Msichana aliyeshinda macho akimlinda mwenzake kwa majuma matatu anahitaji mtu wa kumsikiliza, na mimi kwa barua sitoshi.